Koi wanne wamekufa, na wengine kumi wanakuja Ijumaa

Swali

Shikamoo mshauri,

Ninaishi Njiro, Arusha, na mume wangu, watoto wetu watatu na baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu. Mzee hupenda kukaa bustanini, kwa hiyo mume wangu akaona amjengee bwawa la samaki wa mapambo. Fundi alilimaliza mwezi Mei. Ni la zege, limepigwa lipu na niru, urefu mita 3, upana mita 2, kina mita 1. Wiki mbili baadaye tukalijaza maji ya bomba na kuweka pampu ndogo ya kurusha maji.

Mwezi Juni tulinunua koi sita kwa muuzaji wa Dar es Salaam, wakasafirishwa kwa basi ndani ya mifuko ya nailoni. Tulipowapokea stendi, konda alisema tufungue mifuko wapate hewa, tukafungua. Nyumbani tukafuata maelekezo ya muuzaji: tukaweka mifuko bwawani ikielea, tukawa tunaongeza kikombe cha maji ya bwawa kila baada ya dakika chache, muda wa karibu saa mbili. Walianza kuhema hata kabla hatujawaachia. Wawili walikufa kesho yake, wawili wengine ndani ya wiki hiyohiyo. Tangu hapo tunabadilisha nusu ya maji kila baada ya siku moja, kwa mpira kutoka bombani moja kwa moja, ila hali haibadiliki. Jirani yetu mwenye bwawa la kuogelea alitupimia pH, yaani kipimo cha asidi au magadi ya maji, ikasoma 9.2. Muuzaji anasema ni baridi ya Arusha. Jirani anasema tutie dawa ya kuua vijidudu.

Wamebaki wawili, mmoja mweupe mwenye mabaka mekundu na mmoja wa rangi ya dhahabu. Hujisugua ukutani na kukaa pembeni. Sasa shemeji yangu ameahidi kumletea baba yake koi kumi Ijumaa ijayo. Kila asubuhi mzee huenda kuwaangalia hawa wawili, na sitaki ashuhudie vifo vingine. Hao wapya niwapokeeje? Au niachane na jambo hili, hawa wawili nikawaachie Mto Themi?

Mama Ivan, Njiro

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla hujasoma zaidi, mpigie shemeji yako simu. Mwambie koi hao wasije Ijumaa, na wakija wasiwe kumi. Zawadi yake ni nzuri na mzee ataipata, ila bwawa lako kwa sasa halina uwezo wa kumpokea samaki yeyote, hata akiletwa kwa uangalifu wa namna gani.

Tuanze na hiyo 9.2 aliyoisoma jirani, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu yako imo humo. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji kwa wiki nyingi, na niru ni saruji tupu iliyopakwa mahali penyewe samaki wanapoishi. Wiki mbili hazikutosha hata kidogo. Koi huvumilia pH kuanzia 7 hadi karibu 8.5 bila shida, na wanachohitaji zaidi ni isipandepande na kushuka. Ikifika 9 na kupita, ngozi na matamvua wanayopumulia huanza kuungua taratibu, na ute unaowakinga huharibika. Kujisugua ukutani mara nyingi ni dalili ya vimelea, ila maji makali kama hayo nayo huwawasha vilevile. Kwa hiyo usitie dawa yoyote sasa. Dawa nyingi za samaki zenyewe ni kali kwa matamvua, na hao wawili matamvua yao yamekwisha kuumia.

Halafu ipo amonia. Samaki huitoa kwa kupumua na kwa kinyesi, na ndani ya maji hukaa kwa sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH pamoja na joto. Kwenye pH 7 na nyuzi 20, sehemu yenye sumu haifiki hata moja kati ya mia. Kwenye 9.2, zaidi ya theluthi ya amonia yote ni sumu. Bwawa lilelile, samaki walewale, chakula kilekile, lakini sumu imezidi mara nyingi sana.

Hapo ndipo utaona kilichotokea siku mliyowapokea, na ninakuomba usijilaumu, maana mlifanya mlivyoelekezwa na watu mliowaamini. Samaki akisafiri usiku kucha ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi yake hujaza hewa ya ukaa ndani ya maji na pH hushuka. Amonia nayo hujikusanya, ila kwa kuwa pH imeshuka, sehemu kubwa hubaki katika ile sura isiyomdhuru. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia yote iliyolala humo hugeuka sumu samaki akiwa bado ndani. Mifuko ilifunguliwa stendi. Kisha kila kikombe cha maji ya pH 9.2 kilichoongezwa kiliisukuma juu zaidi. Njia ya kikombe kwa kikombe inafaa kwa samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili, aliyekaa ndani ya mfuko nusu saa. Kwa aliyetoka Dar kwa basi ni hatari, na natamani wauzaji wote waache kuitoa kama maelekezo ya kila safari.

Muuzaji hakukosea kabisa kuhusu baridi. Maji ya Dar hukaa kwenye nyuzi 26 hadi 28, na bwawa la wazi la Arusha mwezi Juni au Julai linaweza kuwa chini ya nyuzi 20. Koi mwenyewe ni samaki wa baridi. Asili ya ufugaji wake ni vijiji vya milimani mkoani Niigata, Japani, ambako theluji huanguka kila mwaka, na wakulima wa mpunga walianza kuchagua wale wenye rangi katika karne ya 19. Baridi ya Njiro haiwezi kumuua. Kinachomdhuru ni kushushwa ghafla nyuzi 8 au 9.

Na yale maji ya mpira? Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwetu, na klorini huchoma matamvua. Huua pia bakteria wazuri ambao bwawa lako linawahitaji kuliko kitu kingine chochote, nitakaowaeleza sasa hivi. Acha kubadilisha nusu kila mara.

Kazi ya kwanza ni hao wawili. Tafuta tangi la plastiki la lita 1,000, lililokatwa juu au lenye mdomo mpana, safi, ambalo halijawahi kuwekwa sabuni wala kemikali. Liweke kivulini. Jaza nusu kwa maji ya bwawa na nusu kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi siku 2 huku pampu ya hewa ikitoa mapovu ndani yake, au yaliyotiwa sodiamu thiosalfeti, ile dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Nusu kwa nusu ili wasitoke kwenye 9.2 na kutumbukia kwenye 7.5 kwa mkupuo. Baada ya hapo, kila siku toa kiasi cha ndoo tano na uongeze tano za maji yaliyotulia. Pima pH ya maji ya bomba lako yenyewe pia, kwani maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana ukali wa magadi kwa asili. Usitarajie 7 ikiwa bomba lako linasoma 8. Nane iliyotulia inatosha.

Wape chakula kidogo mno, au wasile kabisa siku 2 au 3 za mwanzo. Hawatakufa njaa, na samaki asiyekula hatoi amonia nyingi.

Kwenye tangi hilohilo ndipo utakapotengeneza chujio. Chukua pipa au ndoo kubwa, ijaze sponji na vipande vya nyavu safi, maji yapandishwe na pampu, yapite humo na kurudi tangini usiku na mchana. Ndani ya zile sponji wataota bakteria wa aina mbili. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, huzuia damu ya samaki isibebe oksijeni. Wa pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa na ambayo mimea huila. Hawauzwi kwa haraka wala hawaji kwa maombi. Katika maji ya kawaida huchukua wiki 4 hadi 8 kuzoea, na kwenye baridi ya Julai hukawia zaidi. Usizioshe sponji kwa maji ya bomba, zisuuze ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Siku bwawa likiwa tayari, utalihamisha chujio hilo pamoja na wakazi wake, na bwawa halitaanza kutoka sifuri.

Bwawa nalo limwage. Sugua kuta na sakafu kwa brashi na siki nyeupe, suuza, jaza, acha wiki nzima, pima, mwaga, jaza tena. Rudia hadi maji yakae siku kadhaa bila kupita 8.5. Pima asubuhi na pima jioni, kwa sababu mwani ukishaota hupandisha pH mchana wa jua. Ikiwa bili ya maji inakutisha, njia nyingine ni kupaka rangi ya kuziba inayotumika ndani ya matangi ya maji ya kunywa, ikauke kabisa kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo, kisha suuza vizuri. Mimi ningechagua rangi. Ni gharama ya mara moja na inaziba chokaa moja kwa moja.

Ukihesabu hayo yote, utaona tunafika Oktoba. Huo ndio mwezi ninaokushauri umtajie shemeji. Arusha itakuwa imeanza kupata joto, tofauti na maji ya Dar itakuwa imepungua, bakteria watakuwa wamekomaa, na amonia pamoja na nitraiti vitakuwa vinasoma sifuri kwenye vipimo. Zisiposoma sifuri, subiri Novemba.

Kuhusu idadi: bwawa lako ni 3 kwa 2 kwa 1, yaani meta za ujazo 6, lita 6,000. Koi si samaki wa bakuli. Akitunzwa hufika sentimita 60 na kupita, na mtu mwenye busara humtengea kila mkubwa lita 1,000 au zaidi. Una wawili tayari. Pokea watatu, wanne basi, na usiwapokee kwa mkupuo mmoja ukiweza. Najua kumi wadogo wanaonekana wachache kwenye lita 6,000, ila watakua, na mzee atalazimika kuwagawa baada ya kuwazoea.

Sasa siku yenyewe. Muuzaji asiwalishe siku 2 kabla ya safari, ili wasichafue mfuko. Mfuko uwe wa tabaka mbili, maji theluthi moja na oksijeni ya mtungi theluthi mbili, ndani ya boksi la povu lililofunikwa, gizani. Basi la usiku ni zuri. Stendi usifungue chochote, hata konda akikuonea huruma. Nenda nao moja kwa moja nyumbani, uweke mifuko ikiwa imefungwa ielee juu ya maji, chini ya kivuli. Jua likiupiga mfuko wa nailoni, maji ya ndani hupanda joto kwa dakika chache. Nusu saa ndiyo desturi, ila wewe tumia kipimajoto. Kiguse nje ya mfuko, kisha kiweke majini, na usubiri hata saa nzima mpaka tofauti ibaki nyuzi 1 au 2.

Ukishafungua mfuko, usisimame kusimulia. Lowesha mikono, mshike samaki chini ya tumbo na kichwa, mtoe, mwachie kwenye maji mapya. Usimshike mkia, na kimia chenye nyuzi ngumu hung'oa magamba. Akiwa mkubwa, msukume taratibu aingie kwenye beseni, ndipo umhamishe. Maji ya mfuko hayaingii tangini hata tone. Yapeleke migombani.

Nimesema tangini, sikusema bwawani. Wageni wataanzia kwenye lile tangi la lita 1,000, ambalo kufikia hapo hao wawili wa zamani watakuwa wameliacha na kurudi bwawani. Chujio likihama, bakia na sponji chache ndani ya ndoo ndogo kwa ajili ya wageni. Wakae huko wiki 3 au 4, na ndoo yao, kimia chao na taulo lao visiguse bwawa. Hapa nakuomba usilegee hata wakionekana wazuri kuliko wote uliowahi kuona. Chawa wa samaki na minyoo nanga huonekana kwa macho ukimwangalia kwa makini ubavuni na chini ya mapezi: chawa ni kibonge bapa cha kijani kinachotembea, nanga ni uzi mweupe uliochomoza kwenye gamba lililovimba. Lakini minyoo ya kwenye matamvua haionekani, wala virusi. Vipo virusi vya hepesi vya koi vilivyotambuliwa mwaka 1998 huko Israel na Marekani, na mwaka 2003 vikaua samaki wengi wa ukoo huohuo waliofugwa kwenye Ziwa Kasumigaura, Japani. Havina tiba, na anayepona hubaki mbebaji. Hujitokeza maji yakiwa kati ya nyuzi 18 na 28 hivi, ndiyo sababu nyingine inayonifanya niipendelee Oktoba: mgonjwa ataonekana akiwa bado tangini.

Chumvi husaidia kipindi hicho. Chumvi ya mawe tupu, isiyotiwa madini joto wala kitu kingine, kilo 3 kwa lita 1,000. Igawe kilo moja kwa siku kwa siku 3, ukiiyeyusha kwanza ndani ya ndoo. Hupunguza kazi ya mwili wa samaki aliyechoka na huzuia nitraiti isipenye kwenye matamvua. Bwawani usiitie kama una mimea, itakufa.

Siku za mwanzo watajificha chini kwenye kona moja, wamebanana, hawataki chakula. Hiyo ni kawaida kabisa, hata wiki. Waache bila kula siku 2, kisha wape punje chache, kile wanachoweza kumaliza ndani ya dakika 5. Koi hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, hula kidogo kidogo, na kinachobaki huoza. Watoto waelezwe kwamba chapati na mkate si chakula chao. Kisicho cha kawaida ni kuhema juu ya maji hasa alfajiri, mapezi kubanwa mwilini, michirizi myekundu kwenye mapezi, au mmoja kujitenga na wenzake. Ukiona hivyo, ongeza hewa kwanza, kisha pima amonia, nitraiti na pH kabla ya kununua chochote. Ukikuta kimojawapo kimepanda, badilisha maji asilimia 20 kwa maji yaliyotulia.

Na wataruka. Koi mgeni huruka kweli, na wengi hupatikana asubuhi wamekauka kando ya bwawa ilhali maji hayakuwa na kasoro. Funga neti ya kivuli juu ya tangi, na baadaye juu ya bwawa kwa wiki 2 za mwanzo, uikaze pembeni. Itakukinga pia na mdiria, korongo na paka wa jirani.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni umeme. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko juu maji hushika oksijeni pungufu kidogo kuliko ya Dar. Usiku mwani na mimea nayo huvuta oksijeni, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Umeme ukikatika usiku huo, au luku ikiisha mmelala, chujio husimama na samaki hubaki na kilichomo. Pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika ndiyo kitu ninachokusihi ununue kabla ya koi wapya.

Mzee wako mshirikishe tangu leo. Mpe kipimajoto, vipimo na daftari, aandike joto na pH asubuhi na jioni, tarehe juu ya kila ukurasa. Mwalimu wa miaka mingi atalishika daftari hilo vizuri kuliko sote, na litakuambia mapema kuliko macho yako kwamba kuna kitu kinabadilika. Mweleze pia kwa uwazi kwa nini wale wanne walikufa. Anastahili kujua, na atasubiri hadi Oktoba kwa moyo mweupe akijua anasubiri nini.

Kuhusu Mto Themi, hapana. Tafadhali usifanye hivyo, hata bwawa likikushinda. Koi ni kapi (kwa Kiingereza carp) wa mapambo, na kapi akiingia kwenye maji yasiyo yake huchimbua matope ya chini akitafuta chakula, maji huchafuka, na mimea ambayo samaki wenyeji huzaliana humo huharibika. Ziwa Naivasha, Kenya, kapi walianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani ya miaka kama kumi ndio wakawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa ziwani. Tena hao wawili wako huenda wana vimelea. Ukiona huwezi tena, watafutie mtu mwenye bwawa lililokomaa, au muuzaji akubali kuwarudisha. Ila nadhani hutafika huko. Walioishi katika maji ya 9.2 mwezi mzima ni samaki wenye nguvu, na tangi la lita 1,000 unaweza kulijaza leo jioni.